Bunduki ya Vita Haikaguliwi kwa Macho

Manono, mji wa kaskazini mwa Katanga nchini Kongo, umepitiwa na vita vingi, na kila vita viliacha bunduki nyuma yake. Mapema mwaka 1961 mji ulikuwa mikononi mwa Balubakat, chama cha Waluba waliokataa kujitenga kwa Katanga; mwishoni mwa Machi askari wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, wakauteka tena. Katika vita vya 1998 hadi 2003 ulishikwa na waasi wa RCD wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, kisha vikafuata vikundi vya wanamgambo vya Mai-Mai, na baadaye mapigano kati ya Waluba na Watwa. FAL za Ubelgiji, zilizokuwa bunduki za jeshi la Mobutu, na Kalashnikov zilizofurika tangu 1996 zilizikwa ardhini, zikafichwa darini, nyingine zikaishia kwa wawindaji. Anayeuziwa bunduki ya namna hiyo huchungulia mtutu, huvuta kufuli, hubonyeza kifyatulio mara mbili bila risasi, halafu hutoa fedha akiamini amekagua. Hajakagua. Kinachoamua kama bunduki itampasukia usoni hakionekani kwa macho, na usiri unaoizunguka ndio unaomzuia kumpelekea mtu anayeweza kukiona.

Risasi ya Kalashnikov inapolipuka, gesi husukuma kuta za chumba chake kwa nguvu inayozidi mara 3,000 ile ya hewa tunayovuta. Nguvu hiyo huzuiwa na vitu vitatu: chuma cha chumba, kufuli lililofunga nyuma, na ganda la risasi lililobana katikati. Nafasi kati ya kufuli na kitako cha ganda ikizidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita, ganda linaweza kukatika na gesi ya moto kurudi kwa mpigaji. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji maalumu, maana jicho haliwezi kuikadiria. Bunduki iliyotengenezwa porini kwa kufuli la bunduki moja na mtutu wa nyingine ndiyo yenye hatari hiyo zaidi, na mara nyingi dalili pekee ni nambari zisizolingana, kama hazijafutwa kwa tupa. Tena risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu. Bunduki ikipigwa na kufichwa bila kuoshwa, msimu mmoja wa mvua unatosha kuula mtutu kwa ndani huku nje ikipakwa mafuta na kung'aa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba macho hudanganya hata wataalamu ulipatikana Marekani. Kiwanda cha Springfield kilikuwa kikitengeneza bunduki za mtindo wa 1903, na mafundi walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake motoni. Bunduki kadhaa zilipopasuka mwaka 1917, vililetwa vipimajoto, ikagundulika kwamba chuma kilichoonekana sawasawa siku ya jua kali kilikuwa na joto zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi juu ya kile cha siku ya mawingu. Chuma kilikuwa kimeungua. Kilikuwa kigumu lakini kilivunjika ghafla kama kioo. Utaratibu ukabadilishwa mwaka 1918, na mpaka leo watu hushauriwa wasipige bunduki za kiwanda hicho zenye nambari chini ya 800,000. Hao walikuwa mafundi wenye uzoefu, ndani ya kiwanda cha serikali, mchana kweupe. Mnunuzi wa usiku ataona nini?

Wapo watakaosema kuna jaribio rahisi: ifunge bunduki kwenye mti, vuta kifyatulio kwa kamba ukiwa mbali, isipopasuka ni nzima. Ni kweli kwamba huko Liège, mji jirani na Herstal zilikotengenezwa FAL, kuna nyumba ya kujaribia silaha tangu 1672, nayo hupiga risasi iliyozidishwa nguvu kusudi. Lakini kazi yake haiishii kwenye mlio. Baada ya kupiga, chumba hupimwa upya, nyufa hutafutwa, na bunduki iliyopita hupigwa mhuri. Mwenye kamba na mti hapimi kitu, na ufa uliostahimili risasi ya kwanza huenda umerefuka ukingoja ya pili. Wengine hujibu kwamba askari aliitumia miaka mingi bila madhara. Askari huyo alikuwa na fundi wa silaha kikosini na risasi za jeshi. Risasi iliyolala ardhini miaka kumi inaweza kulipuka kwa nguvu kidogo tu na kuacha kichwa chake kimekwama mtutuni. Inayofuata ndiyo inayopasua.

Hoja iliyo nzito ni ya mwindaji asiye na njia nyingine, na ya mwanakijiji aliyeona nyumba zikichomwa na hana imani kwamba atalindwa. Siidharau. Ila sheria ya Kongo ya mwaka 1985 kuhusu silaha inampa raia njia ya kuomba kibali cha bunduki ya kuwindia, na haimpi njia ya kumiliki silaha ya kivita. Kwa hiyo bunduki ya kivita haiwezi kamwe kufika mezani kwa fundi huku aliyeileta akibaki kuwa mwenye mali. Miaka ya 2000 shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda liliwapa baiskeli watu wa kaskazini mwa Katanga waliosalimisha bunduki, na wengi walikubali; baiskeli hubeba mihogo hadi sokoni. P-DDRCS, mpango wa serikali wa kupokonya wapiganaji silaha ulioanzishwa mwaka 2021, unapaswa kuwafikia watu wa Manono kwa uzito uleule: watu wa kupokea silaha bila kumkamata aliyeileta, na ofisi ya vibali vya kuwindia iliyo karibu, ili mwindaji asilazimike kusafiri mbali. Na aliye nayo nyumbani leo asiifyatue ili aone, asijaribu kutoa risasi iliyokwama, wala asiibebe barabarani. Aiache mahali ilipo, watoto wakae mbali, kisha atume habari kupitia chifu au parokia ili waje kuichukua wenye ujuzi.