KIOO KINACHOCHAGUA NURU
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Rungwe

Walimu, kabla hatujaenda mbali, tafadhali andikeni ubaoni maneno manne: nuru, kioo, chujio, fuwele. Anayeweza kuyasoma na ayasome kwa sauti, na wenzake wamfuate.

Somo la leo limetokana na barua. Darasa la Lupepo limeuliza hivi: siku ile jua lilipopatwa, wengine wetu tulilitazama kwa kipande cha kioo kilichopakwa masizi, wengine kwa picha ya eksirei, na wengine tuliinamia beseni la maji. Tuliona vizuri, wala hatukuumia. Kwa nini basi tuliambiwa tusifanye hivyo?

Swali hili ni zuri. Ni swali la watu wasiotosheka na kuambiwa “usifanye” bila kupewa sababu.

Siku wanayoisema ni Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo mwezi ulipita katikati ya jua na dunia. Kivuli chake kilikata kusini mwa Tanzania, na watu wengi walisafiri kwenda Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, ili walione jambo hilo sawasawa. Kukaribia saa sita mchana, watu wa Rujewa waliona jua limebaki pete nyembamba, limeuzunguka mwezi mweusi, kwa muda wa dakika kama tatu. Sisi wa Rungwe tulikuwa kando ya njia. Hatukuiona pete; tuliona jua limeliwa upande, likafanana na mwezi mwandamo.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali nasi kidogo, ukaonekana mdogo kuliko jua. Hata ulipokaa katikati kabisa, uliziba kama 97 kwa mia ya upana wake. Nuru iliyobaki katika pete ilikuwa kama sehemu 5 katika 100 za nuru ya kila siku. Mtu akisikia 5 katika 100 hudhani ni kidogo. Lakini ile pete ni jua lenyewe. Kila mahali pake pana ukali ule ule wa jua la mchana. Ni ukubwa tu uliopungua. Kaa dogo la moto huunguza kidole sawa na kaa kubwa.

Nuru yenyewe ni nini? Hapa kwetu mvua si haba, kwa hiyo upinde wa mvua twaujua sote. Upinde huo ni nuru ya jua iliyotawanywa, kila rangi mahali pake, kuanzia nyekundu hata urujuani. Lakini upinde hauishii pale macho yetu yanapokoma. Nje ya urujuani mna nuru tusiyoiona, na nje ya nyekundu vile vile. Kama mna shaka, chukueni pasi ya mkaa iliyokwisha kupata moto, mwiweke katika chumba chenye giza, halafu sogezeni mkono karibu nayo bila kuigusa. Chuma hakiwaki, jicho halioni kitu, lakini mkono wapata joto. Sehemu kubwa ya joto hilo ni ile nuru iliyo nje ya nyekundu. Jicho hailijui, ngozi yaijua.

Basi, kioo chaweza kuwa chujio. Chujio la chai hupitisha maji na kuzuia majani. Kioo chekundu cha taa ya nyuma ya gari hupitisha nyekundu na kuzuia rangi nyingine. Kila kioo chenye rangi huchagua: hii ipite, hii ibaki. Na hapa ndipo ilipo hatari tuliyoulizwa. Kioo kilichopakwa masizi chaweza kuzuia nuru inayoonekana, mkaona jua limepoa kama chungwa, kumbe chaacha nuru ya joto ipite. Tena masizi hayakai sawasawa: hapa ni mazito, pale ni mepesi, na kidole kikigusa yafutika. Picha ya eksirei nayo ina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, na zile nyeupe karibu hazizuii kitu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Liko jambo baya zaidi. Mboni ya jicho ni kama mlango. Penye mwanga mkali yajifunga, penye giza yafunguka. Mtu akiweka mbele ya jicho kioo cheusi kisichofaa, mboni yadhani jioni imeingia, nayo yafunguka. Basi nuru isiyoonekana yaingia kwa mlango mpana, na lenzi ya jicho yaikusanya mahali pamoja, kama vile kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua mpaka karatasi ikatoka moshi. Mahali hapo ni ukuta wa nyuma wa jicho, uitwao retina, nao hauna mishipa ya kusikia maumivu. Waungua kimya. Mara nyingi mtu hajui kitu mpaka zimepita saa kadhaa, au kesho yake, aonapo doa katikati ya kila anachotazama.

Angalieni neno hilo: katikati. Jua alilolikazia macho huangukia katikati ya retina, na ndiyo sehemu tunayoitumia kusomea. Mtu wa namna hiyo aweza kutembea, kuchuma chai, kupalilia migomba, na kumtambua ng’ombe wake kwa mbali, lakini akifungua kitabu, neno analolitazama halipo. Wengine hupona baada ya miezi, wengine hubaki na doa maisha. Mama zangu na baba zangu, ninyi mmehangaika na herufi mkiwa watu wazima, baada ya kazi za shamba. Ndiyo maana barua hii sikuijibu kwa maneno mawili matatu.

Je, wale waliotazama wakatoka salama? Hapana shaka wako, tena wengi. Walichungulia kidogo wakaacha. Mtu aweza kupitisha kidole juu ya mwali wa mshumaa upesi asiungue. Haina maana kwamba mwali ni baridi.

Maji ya beseni nayo tuyafanyie hesabu, kwa maana mimi naamini hesabu yakaa kichwani kuliko onyo. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua iliyotengenezwa kwa kanuni ya kimataifa, iitwayo ISO 12312-2, hairuhusiwi kupitisha zaidi ya sehemu 32 katika kila milioni moja za nuru inayoonekana. Maji yaliyotulia, ukiyatazama kutoka juu, hurudisha kama sehemu 2 katika 100. Sehemu 2 katika 100 ni sawa na 20,000 katika milioni. Gawanyeni 20,000 kwa 32. Mnapata 625. Ndiyo kusema kwamba beseni lakuletea jichoni nuru mara 625 kuliko miwani ile inavyoruhusiwa. Walimu, hesabu hiyo ifanywe ubaoni polepole.

Kinachofaa ni kipi? Ni miwani hiyo yenye alama ya kanuni niliyoitaja, ikiwa nzima, haina mkwaruzo wala tundu. Pia kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma chafaa, lakini si kila kioo. Kioo hicho huandikwa namba. Namba 12 ndiyo ya chini kabisa kwa kulitazama jua, na wengi huchagua 14. Vioo vingi wanavyotumia mafundi kila siku ni vya namba ndogo kuliko hiyo, kwa sababu fundi hutazama cheche, hatazami jua. Basi asiyesoma namba hana njia ya kujua, maana kwa macho vyote ni vyeusi. Asiye na kimojawapo na alipe jua mgongo. Achukue karatasi ngumu, aitoboe kwa sindano, aiache nuru ipite tunduni na kuanguka juu ya karatasi nyingine. Hapo ataona sura ya jua lililoliwa, na jicho lake halina kesi.

Barua ile ilikuwa na swali la pili: vioo vya kuchagua nuru vina kazi gani nyingine? Kazi ni nyingi, lakini nitataja moja tu inayopita karibu nasi.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza. Mkongo huo ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zilizofukiwa ardhini, na maneno husafiri ndani yake kwa nuru. Ni nuru iliyo nje ya nyekundu, ya jamaa ya ile ya pasi, jicho haliioni. Ndiyo maana mafundi wa mkongo hukatazwa kuchungulia ncha ya uzi.

Ili uzi mmoja ubebe habari nyingi, mikongo mikubwa hupitisha ndani yake nuru za rangi nyingi kwa pamoja, kila rangi na mzigo wake. Huko mwisho wa safari lazima zitenganishwe, na moja ya njia za kuzitenganisha ni vichujio vya kioo. Lakini vichujio hivi havichagui kwa rangi ya kioo chenyewe. Mmeona mafuta ya taa yakidondoka juu ya maji ya barabarani yanavyong’aa rangi rangi? Mafuta hayana rangi hizo. Ni wembamba wa utando wake unaorudisha rangi hii na kuipitisha ile. Wataalamu hupaka kioo tando za namna hiyo, wakati mwingine zaidi ya 100, moja juu ya nyingine. Gawanyeni milimita moja katika sehemu milioni. Kila sehemu yaitwa nanomita. Rangi moja na jirani yake mkongoni zaweza kutofautiana kwa nanomita 0.8 tu.

Sasa joto likiingia, kila kitu hutanuka. Tando zikibadilika kidogo, chujio laanza kupitisha rangi ya jirani, na mizigo yachanganyika. Dawa yake ni kuzipaka juu ya kioo kinachotanuka kwa kipimo kilichochaguliwa, ili kutanuka kwake kufute kosa la tando. Kioo hicho ni kioo cha kauri.

Kioo cha kauri kilizaliwa kwa ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu mmoja wa Marekani, Donald Stookey wa kampuni ya Corning, aliweka kipande cha kioo katika tanuri akikusudia joto la digrii 600. Tanuri liliharibika likapanda hadi 900. Alitazamia kukuta kioo kimeyeyuka. Akakuta bamba jeupe, na alipokuwa akilitoa kwa koleo likamponyoka, likaanguka sakafuni, wala halikuvunjika.

Kilichotokea mtakielewa kwa mfano wa asali. Asali mbichi huangaza, yapenyeka kwa macho. Ikikaa sana huganda, ikawa na chenga chenga ndogo za sukari. Chenga hizo ni fuwele, yaani chembe zilizojipanga kwa mpango maalum. Kioo ni kama asali iliyokauka kabla ya kuganda; kioo cha kauri ni kama asali iliyoganda kwa kukusudia. Kioo huchomwa tena kwa joto lililopimwa mpaka fuwele ndogo ndogo zaota ndani yake. Kwa kuchagua mchanganyiko na moto, mtaalamu aweza kupata kioo kinachotanuka kwa kiasi anachotaka, au kisichotanuka karibu kabisa. Ile darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, iitwayo SALT, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina vipande 91 vya vioo vya kauri, kila kimoja upana wa kama mita moja. Usiku wa huko ni wa baridi na mchana ni wa joto. Kioo cha kawaida kingejipinda.

Hata mlima wetu Rungwe umetengeneza kioo. Yale mawe mepesi yenye matundu matundu, ambayo mengi huelea majini, ni mwamba ulioyeyuka, ukarushwa juu, ukapoa ghafla bila kupata nafasi ya kuota fuwele. Wenye nayo karibu na darasa walete moja, watu walishike.

Kazi ya wiki hii. Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa namna ya pete, na njia yake itapita Tanzania. Kila darasa limtume mtu mmoja kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu, aombe kuona vioo vyake, asome namba iliyoandikwa juu ya kila kimoja, na kuzinakili daftarini kwa mkono wake mwenyewe. Zile zisizofika 12 azipigie mstari. Orodha na ipelekwe kwa mwalimu kabla ya somo lijalo, tutakapozungumza juu ya mizani ya kupimia kahawa.

Kwa herini.