Alizeti Ibaki Jikoni

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Fundi, cherehani yangu imekuwa nzito. Niliiwekea mafuta ya alizeti ikalegea siku mbili, sasa imerudi kulekule. Niongeze?" Mwingine ametumia nazi, mwingine mawese, mwingine mafuta ya kujipaka. Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, na leo nalijibu kwa maandishi: usiongeze. Hicho ulichokiweka ndicho kinachoirudishia uzito.

Nawaelewa wanaoyaamini mafuta ya kupikia, kwa sababu yanalainisha kweli. Siku ya kwanza gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja, kelele imekwisha, na mwenye cherehani ameokoa fedha. Ana haki ya kuamini alichokiona. Lakini aliiangalia siku ile tu. Hakuiangalia mwezi wa tatu, baada ya sare za shule kumalizika na mashine kukaa pembeni imefunikwa kanga.

Mafuta ya mimea hayapotelei hewani kama maji. Yanabaki palepale yakivuta oksijeni, na chembe zake zinaanza kushikana, hii na ile, mpaka yanakuwa utando wa njano unaonata, na mwishowe utando mgumu. Pitisha kidole kwenye ukuta ulio juu ya jiko lako, au kwenye mgongo wa kikaango cha siku nyingi. Ule uchafu wa kahawia unaogoma kutoka kwa sabuni ni mafuta yaliyopitia njia hiyo hiyo. Wachoraji wametumia mafuta ya kitani kuchanganyia rangi kwa karne nyingi kwa sababu hukauka na kushika. Alizeti ni ya ukoo huo. Hukawia tu kidogo. Sasa fikiria utando huo ukiwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa vikaribiane kiasi cha unywele kutopita.

Nikifungua kifuniko cha upande wa kushoto cha cherehani iliyolishwa alizeti, fimbo ya sindano huwa imepakwa rangi ya chai ya rangi. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoka vigamba. Chini, penye ndoano inayodaka uzi, vumbi la kitambaa limenasa kwenye mafuta yale na kuwa ulimbo mtupu. Mwenye mashine anaongeza matone mengine, matone mabichi yanalegeza kidogo yale makavu, anashona jioni moja, kisha na hayo mapya yanakauka juu ya yale ya zamani. Hiyo ndiyo siri ya "ikalegea siku mbili".

Hapo hujitokeza mtetezi wa nazi. Anasema nazi si alizeti, na hapo amesema kweli: mafuta ya nazi hayakimbilii kuwa ulimbo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mafuta yasiyovutana sana na oksijeni. Ila nazi huganda ikishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Aliyeko Tanga au Mombasa huenda asilione hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Aliyeko Njombe, Lushoto au Limuru, mwezi wa Julai saa moja asubuhi, ana cherehani iliyojaa mafuta meupe yaliyoganda kwenye kila kiungo, na mota ndogo ya umeme inayolazimishwa kuyasukuma. Zaidi ya hapo nazi huchacha, na mafuta yaliyochacha yana asidi inayoshambulia shaba na hata chuma chenyewe.

"Lakini bibi yangu alitumia nazi miaka yote." Nakubali, na cherehani yake ilikuwa nzima. Bibi alishona kila siku, na kila siku aliongeza tone jipya lililosukuma nje la jana. Mashine yake ilikuwa ya chuma kitupu, ya kukanyaga, isiyo na gia ya plastiki wala mota, na misuli ya miguu yake ilibeba uzito ambao ungeiunguza mota yako. Mashine inayofunguliwa Krismasi na Idi haina kinga hiyo. Halafu vijitabu vya Singer za zamani vilikuwa wazi: mashine inayofanya kazi mfululizo itiwe mafuta kila siku, na yawe mafuta ya cherehani. Bibi alishika nusu ya kwanza ya agizo.

Mafuta ya taa nayo yana wafuasi wake. Yanayeyusha ulimbo vizuri sana, na kwa kazi hiyo nayatumia mwenyewe. Lakini baada ya kuyeyusha huruka hewani na kuacha chuma kikavu kikisagana na chuma. Ni ya kusafishia, basi. Dawa ya kopo ya kupuliza, ile ya kulegeza nati zenye kutu, iweke kundi hilohilo. Oili ya gari ni nzito mno: ile ya namba 40 ina mnato mara sita au zaidi ya ule wa mafuta ya cherehani, na inaacha doa kwenye kitambaa cha mteja. Oili chafu sitaki hata kuijadili. Imejaa masizi na chembe za chuma kilichosagika ndani ya injini. Anayeiweka anaipiga mashine yake msasa.

Mafuta ya cherehani ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, mepesi, meupe kama maji, yasiyo na harufu ya kusumbua. Hayashikani kwa urahisi na oksijeni, kwa hiyo hayawi ulimbo. Chupa ndogo bei yake haifiki lita ya alizeti, na kwa mshonaji wa nyumbani inaweza kwenda mwaka na zaidi. Kama una shaka na chupa uliyouziwa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Likiwa la njano au likinuka dizeli, rudisha. Asiyeniamini kuhusu alizeti apake tone lake na tone la mafuta ya cherehani kwenye kipande cha kioo, akiweke dirishani, akiguse baada ya miezi miwili.

Sasa jambo linaloniudhi zaidi: cherehani nyingi zinazoitwa nzito hazina njaa ya mafuta kabisa. Zinataka brashi. Fungua skrubu mbili za bamba la chini ya sindano uone kilicho katikati ya meno yanayosukuma kitambaa. Vumbi la pamba na nyuzi limeshindiliwa humo mpaka linatoka kipande kizima, na meno hayapandi tena inavyotakiwa. Ndipo mishono inaruka, kitambaa hakiendi, na lawama inaangukia mafuta.

Kwa hiyo fanya hivi. Ya umeme, chomoa plagi kwanza. Toa sindano, uzi, bobini na kikasha chake. Vuta vumbi nje kwa brashi ndogo kavu. Usipulize kwa mdomo, unalisukuma ndani na kuliongezea unyevu. Kwenye Butterfly na ndugu zake wa Singer aina ya 15, geuza vishikio viwili vilivyo pembeni ya ndoano, toa pete na ndoano, ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ikiwa mashine ina ulimbo, dondosha mafuta ya taa kwenye viungo vya chuma, mbali na moto, zungusha gurudumu kwa mkono, iache ilale, futa, rudia hadi kitambaa kitoke safi, kisha iache ikauke. Plastiki usiiguse kwa mafuta ya taa. Halafu tone moja, moja tu, kwenye kila tundu la mafuta, kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, na kwenye njia ya ndoano. Ya kukanyaga, usisahau vyuma vya chini vya kanyagio. Mkanda usiupake, sahani za kukaza uzi usizipake, mota usiiguse, na gia za plastiki zinataka grisi yake. Mashine mpya nyingi zimefungwa kiwandani na hazitaki mafuta popote isipokuwa kitabu chake cha maelekezo kiseme; kisome. Zungusha kwa mkono, kisha shona bila uzi kwenye kitambaa chakavu mpaka alama za mafuta ziishe. Brashi kila unapomaliza nguo. Mafuta kila wiki kwa anayeshona sana, na kila unapoitoa mashine iliyokaa miezi.

Ikibaki nzito baada ya hapo, ipeleke kwa fundi, na mwambie bila aibu ulichokuwa ukikiweka. Akijua ni alizeti ataanza kuyeyusha ulimbo. Asipojua ataanza kufungua skrubu za kupanga wakati wa ndoano ambazo hazikuwa na kosa lolote.