Weusi wa mtutu wa bunduki na hatari ya maji

RANGI ya samawati iliyokolea hadi kukaribia weusi, ambayo huonekana kwenye mitutu ya bunduki, haipakwi kwa brashi. Ni utando mwembamba wa oksidi unaojijenga juu ya chuma chenyewe kinapochemshwa katika maji yaliyotiwa kostiki na chumvi ya naitreti. Nchini Marekani, wako wenye bunduki wanaoifanya kazi hii katika karakana za nyumbani.

Watengenezaji sabuni wa kwetu wanaijua kostiki na jinsi inavyochoma ngozi. Dawa hii, hata hivyo, huchemka kwa takriban nyuzi 140 za Selisiasi, na balaa kubwa huletwa na maji. Kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, joto hupanda, hivyo fundi hulazimika kuyaongeza. Akiyamimina kwa pupa, hugeuka mvuke kwa mpigo na kumrushia dawa usoni. Yapasa kutiwa kidogo kidogo, kwa upawa wa mpini mrefu, naye fundi awe amevaa kinga ya uso, glavu ndefu na aproni ya mpira. Hata tone lililojificha ndani ya tundu la chuma laweza kulipuka vivyo hivyo.

Chombo cha kuchemshia huwa cha chuma. Alumini huliwa na kostiki, tena ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka. Bunduki ya mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu ya risasi na bati nayo haifai kutiwa humo, kwani kiungo huharibika.

Aliyerukiwa na kostiki aoshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, wala si kwa siki, kisha afikishwe hospitalini.