Amplifaya dhaifu huunguza spika: Ushauri kwa bendi ndogo

BENDI ndogo inayotumbuiza katika harusi, ibada au sherehe za koito viungani mwa Eldoret huitegemea mitambo yake kama mkulima anavyolitegemea jembe. Spika zikiungua Jumamosi alasiri, sherehe huharibika, malipo hupunguzwa na akiba ya wanamuziki huishia mikononi mwa fundi.

Wengi hudhani kwamba spika huunguzwa tu na amplifaya yenye nguvu kupita kiasi. Hilo hutokea, lakini mara nyingi chanzo ni amplifaya dhaifu iliyolazimishwa kufanya kazi isiyoiweza.

Amplifaya hupokea mawimbi madogo ya umeme kutoka kwa maikrofoni, gitaa na kinanda kupitia mikisa, kisha huyakuza hadi yaweze kusukuma koni ya spika. Kila amplifaya ina kikomo chake. Msimamizi wa mitambo akizidi kupandisha sauti baada ya kikomo hicho kufikiwa, wimbi haliwezi kuongezeka kimo tena, hivyo kilele chake hukatwa na kuwa bapa. Msikilizaji husikia sauti ikianza kukwaruza.

Wakati huo hatari huwa mbili. Kwanza, wastani wa nguvu inayoingia katika spika hupanda. Amplifaya ya wati 150 ambayo vilele vyake vimekatwa kabisa inaweza kutoa karibu wati 300. Pili, kukatwa huko huzalisha milio mingi ya juu, na milio hiyo huelekezwa kwa twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba. Koili ya twita ni nyepesi na huweza kustahimili sehemu ndogo tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kasha zima. Ndiyo sababu twita hutangulia kufa ilhali spika kubwa ya besi ingali inanguruma.

Ili kuepuka hasara hiyo, mnunuzi anapaswa kuanza kwa kuuliza wati zilizoandikwa kwenye spika ni za aina gani. Watengenezaji hutaja viwango vitatu. Kuna wati za mfululizo, ambazo spika huzistahimili kwa muda mrefu na ambazo mara nyingi huandikwa RMS. Kuna wati za programu, ambazo kwa kawaida ni maradufu ya zile za mfululizo. Halafu kuna wati za kilele, ambazo ni mara nne na hudumu kwa muda mfupi mno. Kwa hivyo, spika iliyonadiwa dukani kuwa ya wati 1,200 huenda ikawa ya wati 300 tu za mfululizo. Hiyo 300 ndiyo hesabu ya kuzingatia.

Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kuchagua amplifaya inayotoa mara moja na nusu hadi mara mbili ya wati za mfululizo za spika. Spika ya wati 300 basi itafaa kupewa amplifaya ya wati 450 hadi 600 kwa kila upande. Ziada hiyo ni nafasi ya kupitisha vilele vya ghafla, kama vile mpigo wa ngoma, bila kukatwa. Haikusudiwi kutumiwa kupandisha sauti mfululizo, kwa kuwa joto litaunguza koili. Ikiwa mitambo huachiwa kila mtu aiguse, ni heri kuchagua amplifaya inayolingana na wati za mfululizo na kutumia kifaa cha kudhibiti vilele.

Hesabu ya wati haikamiliki bila omu, kipimo cha ukinzani wa umeme kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827. Spika nyingi za jukwaani ni za omu 8. Mbili zikiunganishwa sambamba kwenye upande mmoja wa amplifaya, ukinzani hushuka hadi omu 4. Zikiwa nne, hushuka hadi omu 2.

Kadiri omu zinavyoshuka, ndivyo amplifaya inavyovutwa kutoa umeme mwingi zaidi. Amplifaya nyingi hazikuundwa kufanya kazi chini ya omu 4. Ikilazimishwa, hupata joto kali, hujizima katikati ya wimbo au huungua. Bendi yenye spika mbili za wati 300 kila upande inahitaji amplifaya inayotoa wati 900 hadi 1,200 kwa omu 4 kila upande, wala si kwa omu 8. Takwimu hizo huandikwa katika kijitabu cha mtengenezaji, na mnunuzi hana budi kuzisoma kabla ya kulipa.

Pia kuna suala la wepesi wa spika kutoa sauti, linalopimwa kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kana kwamba imeongezeka maradufu, huhitajika takriban wati mara kumi. Hivyo, spika ya desibeli 97 inayopewa wati 300 husikika sawa na ya desibeli 94 inayopewa wati 600. Mwenye fedha chache atanufaika zaidi kwa kununua spika nyepesi kuliko kukimbilia amplifaya kubwa.

Umeme wenyewe pia huchangia. Kiwango rasmi nchini Kenya ni volti 240, lakini mwishoni mwa laini ndefu ya kijijini, au kwenye jenereta iliyolemewa, volti hushuka. Amplifaya nyingi za muundo wa zamani hufikia kikomo mapema hali hiyo ikitokea. Waya wa spika uliodhoofu au mwembamba na mrefu nao hupoteza nguvu njiani, na anayetumia mitambo hushawishika kupandisha sauti zaidi.

Spika zenye amplifaya ndani huondoa sehemu kubwa ya hesabu hizi, kwani mtengenezaji amekwisha kulinganisha vifaa hivyo. Hata hivyo, mikisa iliyopandishwa kupita kiasi bado inaweza kukata vilele kabla sauti haijafika kwenye spika.

Jukwaani, taa nyekundu ya amplifaya ndiyo onyo la kutii. Ikimulika mara moja moja wakati wa mpigo mkali, hapana neno. Ikiwaka mfululizo, teremsha sauti mara moja, hata kama mwenye sherehe anadai iongezwe. Ikiwa sauti haitoshi uwanja mzima, suluhisho ni kuongeza spika pamoja na amplifaya yake, au kusogeza zilizopo karibu na wasikilizaji. Katika uwanja wa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6, na hakuna kitufe kinachoweza kuifuta hesabu hiyo.