Kivinjari: Dirisha Lililogeuka Kuwa Duka



Neno "vinjari" si geni kwetu watu wa visiwani. Chombo kikizunguka baharini huku na huko kikitazama, twasema chavinjari. Basi wataalamu wa Kiswahili walipotafuta jina la programu inayotufungulia kurasa za intaneti katika simu na kompyuta, waliiita kivinjari. Twaandika khabari zake leo kwa sababu tuliyoyaona Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, yametuonyesha kuwa jambo hili lamhusu mkulima na mfuko wake.

Kibaha iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kisarawe iko upande wa vilima vya Pugu. Wenzetu wa huko wana mikorosho kama sisi tulivyo na mikarafuu. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ya Bara ilianza kuendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Korosho ziko ghalani, naye mnunuzi hutia bei yake mtandaoni, ijapokuwa yuko mbali.

Huko Kisarawe tulimwamkia mzee mmoja chini ya mwembe, naye akatuonyesha simu yake ya bei ndogo. "Wanangu," alisema, "matokeo ya mtihani ya mjukuu wangu niliyafungua humu mara moja. Lakini fomu aliyotakiwa kujaza baadaye ilizunguka tu mpaka bando likaisha. Ilibidi apande gari aende Kibaha akajaziwe kwa kompyuta, kwa malipo."

Kwa nini simu ileile ifungue ukurasa huu na ishindwe na ule? Jawabu limo katika historia.

Kivinjari cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba utaalamu huo ni wa watu wote, bila ya malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha pamoja na maandishi. Kurasa za siku zile zilikuwa kama gazeti lililobandikwa ukutani: wasoma, kisha waenda zako.

Mwaka 1994 ikaja Netscape, na mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa Internet Explorer. Zikashindana vikali, hata mwaka 1998 Serikali ya Marekani ikaishtaki Microsoft kwa kuitumia nguvu ya Windows kuwabana wenzake. Katika mashindano hayo ilizaliwa JavaScript, lugha inayouwezesha ukurasa kufanya kazi wenyewe: kukagua fomu, kupiga hesabu, kubadilika mbele ya macho. Baadaye Flash ikaleta michoro inayotembea na sauti. Mwaka 2002 kampuni ya Macromedia, yenye Flash, ilizieneza programu hizo kwa jina la programu "tajiri" za intaneti.

Kisha likaja badiliko kubwa. Zamani ukibonyeza neno moja, ukurasa mzima uliletwa upya, kama mtu anayerudisha mzigo wote mjini kwa ajili ya kubadilisha pishi moja. Gmail ya mwaka 2004 na ramani za Google za mwaka 2005 zilionyesha njia nyingine: ukurasa unabaki palepale, na kinacholetwa ni kile kilichopungua tu. Tangu hapo dirisha la kutazamia likawa duka, ofisi na benki.

Lakini ili kazi ile ifanyike, programu yenyewe ni lazima kwanza ifike ndani ya simu. Hapo ndipo alipokwama mzee wetu. Ukurasa wa matokeo ni wa namna ya kale, maandishi yaliyopangwa mistari. Fomu ile ni programu nzima. Ni kama mpeto uliojaa makonyo: mchukuzi hulipwa kwa uzito, na karafuu zimo chache.

Kwetu Afrika ya Mashariki hali ilikuwa ngumu zaidi kabla ya mkonge wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009. Wengi waliokolewa na Opera Mini, iliyotoka mwaka 2005. Hiyo hupitisha ukurasa kwanza katika kompyuta za kampuni, ukapunguzwa uzito, ndipo ukaletwa simuni. Kwa kurasa za kusoma ilifaa sana. Programu nzito ziliishinda mara nyingi.

Tena liko funzo la Flash. Ilikuwa mali ya kampuni moja. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali, na tarehe 31 Disemba 2020 wenyewe wakaacha kuitunza. Masomo na michezo mingi iliyojengwa juu yake haikufunguka tena katika vivinjari vya kawaida. Zilizojengwa kwa kanuni zilizo wazi kwa wote, kama HTML, zimebaki.

Hapana shaka chama chetu nacho kitaletewa mifumo ya namna hii, kwa khabari za bei, mikopo au miche. Twaona yafaa tuulize mambo matatu kabla ya kukubali. Kwanza, je, wafunguka katika simu ya bei ndogo, shambani, na si ofisini tu? Pili, mtandao ukikatika, je, yaliyokwisha jazwa yanabaki? Kivinjari cha leo chaweza kuyahifadhi, mtengenezaji akitaka. Tatu, asiye na simu ya intaneti ana njia gani: namba za nyota na reli, au karani wa chama?

Mzee yule hakukosa akili wala hamu. Alikosa ukurasa mwepesi. Tusiingoje siku mwanachama wetu apande gari kufuata bei ya karafuu zake mwenyewe. Mwenye neno juu ya haya na alilete mkutanoni.