Lugha Iliyosalia Katika Sherehe: Kanivali ya Dunkerque

Watu wa pwani yetu wana desturi ya kuvunja jungu: siku za mwisho za Shaabani hukusanyika wakala, wakanywa na kufurahi kabla ya kuukabili mfungo wa Ramadhani. Aijuaye desturi hii hatapata taabu kufahamu asili ya kanivali za Ufaransa. Wakatoliki hufunga Kwaresima, siku 40 kabla ya Pasaka, na zamani hawakuruhusiwa kula nyama katika muda huo. Basi kabla ya Jumatano ya Majivu walimaliza nyama na mafuta yote yaliyokuwamo nyumbani. Ndiyo sababu siku ya mwisho huitwa kwa Kifaransa Mardi Gras, yaani Jumanne ya Mafuta. Na neno kanivali lenyewe, kwa rai ya wataalamu walio wengi, latokana na neno la Kiitalia cha kale, carnelevare, maana yake kuondoa nyama. Desturi hizi mbili hazikuzaana. Zimefanana kwa kuwa mfungo mrefu huitangulizia karamu.

Makusudi ya makala haya si kuzieleza kanivali zote za Ufaransa, maana ni nyingi mno. Twataka kutazama jambo moja limhusulo mwanafunzi wa lugha, nalo ni kwamba sherehe imehifadhi lugha ambazo dola na shule ziliziondoa vinywani mwa watu. Kisha yatupasa kuuliza: imehifadhi nini hasa?

Ufaransa haikuwa tangu awali nchi ya lugha moja. Kaskazini walisema Kiflemi, ambacho ni ndugu ya Kiholanzi, magharibi Kibretoni, kusini Kioksitani, na kwenye milima ya Pirenei Kibaski. Mwaka 1539 amri ya mfalme, iliyotolewa Villers-Cotterêts, ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya mahakama. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, padre Grégoire alilisomea Bunge taarifa juu ya njia za kuzifuta lugha za kienyeji na kukieneza Kifaransa. Walakini kilichofanya kazi kubwa kuliko amri zote ni shule ya lazima iliyoanzishwa kwa sheria za miaka ya 1881 na 1882. Mtoto aliyesema lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Mahali pengine alipewa kitu cha kubeba au kuvaa shingoni, asiachiliwe mpaka amkamate mwenziwe kwa kosa lilo hilo. Wengi waliosoma katika shule za Kenya wakati wa ukoloni waliijua adhabu ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa mji wa Dunkerque, bandari iliyo kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Mfalme Louis wa 14 aliununua mji huu kutoka kwa Waingereza mwaka 1662, na wenyeji wake walikuwa Waflemi. Hata Jean Bart, nahodha aliyezaliwa hapo mwaka 1650 na ambaye sanamu yake imesimama katikati ya mji tangu 1845, Kiflemi ndicho kilichokuwa lugha yake ya utotoni.

Wanaume wa Dunkerque walikuwa wakisafiri mwishoni mwa kipupwe kwenda kuvua katika bahari ya Aisilandi, safari ya miezi mingi ambayo wengine hawakurudi. Kabla ya kung'oa nanga, wenye vyombo waliwaandalia karamu na kuwalipa sehemu ya ujira wao. Wavuvi wakapita mitaani kwa ngoma na nyimbo, na kundi lao likaitwa kwa Kiflemi visschersbende, yaani kundi la wavuvi. Karamu hii ya kuagana ikaungana na ile ya kabla ya Kwaresima, ikawa kanivali moja.

Safari za Aisilandi zimekwisha zamani, lakini kundi bado lapita. Wapigaji filimbi na ngoma huvaa makoti ya manjano ya wavuvi. Wanaume wengi hujivika nguo za kike. Watu hushikana mikono safu kwa safu na kusukumana kwa vishindo. Meya huwarushia watu samaki waitwao heringi, waliokaushwa kwa moshi, kutoka roshani ya jumba la manispaa. Mwisho, umati mzima hupiga magoti mbele ya sanamu ya Jean Bart na kumwimbia.

Nyimbo zao leo ni za Kifaransa. Lakini humo mna maneno ambayo Mfaransa wa Paris hayafahamu. Vazi la kanivali huitwa clet'che. Busu la kusalimiana huitwa zôtche. Mwavuli wenye mpini mrefu huitwa berguenaere. Tulitazame neno la kwanza. Kwa Kiholanzi, kleed ni vazi, na kleedje ni kijivazi. Mwisho wa neno hufanya kazi ifanywayo na ki- yetu ya udogo. Asemaye clet'che leo analijua neno, hajui viungo vyake. Ni kama mtu asemaye kijiti lakini hajui kuwa ndani yake mna mti, wala hawezi kutumia kiambishi hicho kuunda neno jingine. Kilichosalia ni majina ya vitu, sarufi imekwenda.

Tuulinganishe mji huu na jimbo la Soule, katika nchi ya Wabaski. Huko vijana wa kijiji kimoja huandaa mchezo uitwao maskarada, wakavitembelea vijiji vingine wakati wa baridi. Wamo Wekundu, ambao hucheza kwa utaratibu na heshima, na Weusi, ambao huvuruga kila kitu na kutoa hotuba za kuwasuta wakubwa na majirani. Hotuba hizo ni za Kibaski. Kijana atakaye kuingia humo hana budi kuijua lugha, maana masuto ya mwaka huu hayawezi kutamkwa kwa maneno aliyoyakariri babu yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Sherehe inayodai wimbo ule ule kila mwaka huhifadhi maneno. Sherehe inayodai usemi mpya huhifadhi lugha. Mwaka 2008 katiba ya Ufaransa ilizitambua lugha za majimbo kuwa ni sehemu ya urithi wa taifa, na mwishoni mwa 2021 Kiflemi cha magharibi kikaingizwa katika orodha ya lugha za majimbo ziwezazo kufundishwa shuleni. Ni jambo jema, lakini sarufi iliyotoka vinywani hairudi kwa waraka wa serikali peke yake. Yafaa wale wanaojivunia kwamba lugha ndogo ya kwao ingali hai kwa kuwa yaimbwa arusini na jandoni wajiulize kama vijana wao waweza bado kutunga kwa lugha hiyo sentensi ambayo haijapata kusemwa.