Wazee na telefone: «Aliniita mama, ningemukatalia aje?»

BUKAVU. Ujumbe uliingia jioni, saa kumi na mbili na nusu, shangazi yangu akiwa anasonga bugali. Ulitoka kwa mwenzake wa likirimba, picha ni yake, jina ni lake: «Mama, nimetuma kode kwako kwa makosa, ni namba sita. Unirudishie haraka, tafadhali.» Kweli, kode ilikuwa imekwisha kufika kwa SMS. Akaiandika, akaituma, akarudi kwenye sufuria.

Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikafungwa. Ile kode haikuwa ya mwenzake. Ilikuwa ufunguo wa namba yake mwenyewe, na mwizi alikuwa amekwisha kuingia.

Shangazi ana miaka 69. Alifundisha shule ya msingi karibu miaka 35, na leo ndiye mtunza sanduku wa likirimba ya wamama kumi na wanane wa Kadutu. Mwizi alitumia jina hilo. Usiku uleule aliwaandikia wote, akijifanya shangazi: namba yangu ya pesa imefungwa, mchango wa wiki hii, dola 20, mtume kwenye namba hii nyingine. Wamama sita walituma. Wa saba aliona afadhali apige simu ya kawaida kwanza. «Mchango gani?» shangazi akauliza, na hapo ndipo mambo yakajulikana.

Dola 120. Alizirudisha zote toka mfukoni mwake, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi minne, bila kuwaambia watoto wake neno. Mimi nilijua kwa bahati tu, siku nilipomuuliza kwa nini ameuza cherehani yake.

«Aliniita mama,» alinijibu. «Mutu mwenye anakuita mama, ana shida, ningemukatalia aje?»

Hapa kwetu tunapenda kusema wazee wanadanganywa kwa sababu hawajui mashine. Mimi siamini hivyo. Kati ya wale sita waliotuma pesa, wawili hawajafika hata miaka arobaini, na telefone zao ni za bei kuliko yangu. Mwizi hupitia kwenye adabu: mtu akikuita mama au papa, akaongeza shida na haraka, mkono unatoa kabla kichwa hakijauliza. Kisha haya inafunga mdomo, na kwa mzee haya hiyo ni nzito zaidi. Anaogopa watoto watasema amechoka akili, watamnyang'anya telefone.

Na telefone si mchezo tena. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, pesa ya mtoto aliye Lubumbashi au Kampala inamfikia mzazi kwa telefone. Kumwambia mzee aiache ni kumwambia akae bila dawa na bila unga.

Basi tuanze na hiyo kode. WhatsApp hutuma namba sita pale tu mtu anapotaka kufungua akaunti ya namba yako kwenye telefone. Kama si wewe uliyeiomba, kuna mtu mlangoni. Hakuna kode ya mtu mwingine inayoweza kuanguka kwako kwa makosa. Usimpe mtu, hata kama anaandika kwa jina la padri wako au la mwanao, kwa sababu huenda akaunti yake imeibwa kabla ya yako.

Kuna pia kufuli ya pili, ambayo wengi hawaijui. Katika telefone iliyo kwa Kifaransa, ingia Paramètres, halafu Compte, utafute «Vérification en deux étapes». Utachagua namba zako sita za siri. Hata mwizi akipata kode ya SMS, bila hizo haingii. Mahali pengine pa kutazama ni «Appareils connectés»: ukikuta mashine usiyoijua, itoe.

Shangazi alisaidiwa na kijana wa jirani. Waliandikisha namba yake upya, kode mpya ikaja, na mwizi akatupwa nje palepale. Walikuwa na bahati: kama mwizi angekuwa ameweka ile kufuli ya pili, wangengoja siku saba, naye shangazi angezunguka Kadutu nzima kwa miguu akieleza kwamba si yeye anayeomba pesa.

Upande wa pesa yenyewe, nenda usimame dakika kumi karibu na kabini yoyote. Mzee anafika, anatoa telefone, anaitaja namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Mwenye kabini anaiandika kwa niaba yake. Nyumbani mjukuu naye anaijua. Si vizuri kuwashuku watoto wa nyumba, lakini tuseme ukweli: pesa nyingine hupotelea palepale sebuleni. Mzee asiyesoma hata gazeti anajua kuhesabu noti, kwa hiyo namba anazijua. Kinachotakiwa ni mtu wa kumfundisha kubonyeza mwenyewe, kwa uvumilivu, si kumpokonya telefone na kusema «leta nifanye».

Halafu kuna ile ya «nimekosea namba». SMS inasema umepokea franka 50 000, na kabla hujaisoma vizuri simu inalia: papa, hiyo ilikuwa ya mgonjwa, unirudishie. Tazama salio lako kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoongezeka, na SMS ilitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aliyekosea aulize kampuni yake iirudishe. Wewe usitume kitu.

Kwa wakimbizi wa vita mtego una sura nyingine: kiungo kinachozunguka katika vikundi, kikisema jiandikishe upate msaada, lipa kwanza franka kidogo za fomu. Kuandikishwa kwa msaada hakulipiwi. Anayeomba pesa ili akuweke kwenye orodha hana orodha.

Sheria ipo. Kode ya numérique, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu makosa ya namna hii. Lakini namba ya mwizi mara nyingi imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na mama wa Kadutu ana haki ya kuuliza leo atapeleka mashtaka kwa nani. La haraka ni kupigia kampuni yako ya simu papo hapo, kabla mwizi hajatoa pesa kwenye kabini.

Nyumbani kwa shangazi, baada ya siri kutoka, watoto walikubaliana neno moja: anayeomba pesa ataulizwa jina la mbwa aliyekuwa nao utotoni. Wiki mbili zilizopita mwanawe wa kwanza alipiga simu kwa namba ngeni, anataka dola 30 haraka. Shangazi akamuuliza mbwa. Kijana alikuwa amesahau. Alikasirika, akapiga kelele, akasema mama hanijui sauti?

Shangazi akakata simu. Ilibidi kijana ampigie dada yake Kampala, amkumbushe.